Shajara ya saiti ya Mjimwema: vioo 19, jua la magharibi na mkeka wa mama

Jumamosi, 11 Januari 2025

Paa limekamilika wiki iliyopita, sasa naweza kuacha kuota mabati na kuanza kuota madirisha. Kwa ambaye hajui tulikotoka: ni nyumba ya ghorofa moja, Mjimwema, Kigamboni. Mama atakaa chini, mimi na wanangu juu. Bahari iko mashariki. Ukiwa chini huioni, ukipanda juu unaiona kama mstari. Leo nimehesabu matundu yote yatakayoingia kioo na kuyaandika namba ukutani kwa mkaa. Ni 19.

Fundi alumini alifika saa nne. Akazunguka dakika kama kumi hivi, mikono nyuma, kisha akatoa hukumu: "Dada, weka mm 5 tinti nyumba nzima, umemaliza."

"Kwa nini mm 5?"

"Ndiyo inayowekwa."

"Na tinti?"

"Inapendeza. Halafu inakata jua."

Sina ugomvi naye. Mkono wake ni mzuri, nimeiona kazi yake kwa jirani. Lakini hata kanga mtu husoma jina kabla ya kulipia, sembuse vioo 19 nitakavyoishi navyo mpaka uzeeni. Nimemwomba muda nifikiri. Akacheka. "Fikiri dada, sisi tupo."

Basi shajara hii, iliyokuwa ya saruji na nondo, kuanzia leo ni ya vioo.

Alhamisi, 16 Januari

Sikwenda kazini. Nilibeba kiti cha plastiki na chupa ya chai, nikashinda saiti nikifuata jua tundu kwa tundu, chaki mkononi.

Saa moja asubuhi jua la mashariki lilipenya hadi ukuta wa nyuma wa sebule ya juu. Kufika saa nne lilikuwa limeshapanda na kivuli cha paa kimeanza kushuka kwenye dirisha. Saa sita unusu nilisimama upande wa kusini: madirisha yote yamo kivulini, juu yamefunikwa na paa, chini na baraza. Halafu likageuka. Kuanzia saa tisa upande wa magharibi ulikuwa hauna pa kujificha, na saa kumi na moja mstari wa jua ulikuwa umevuka chumba changu kizima na kugusa mlango wa upande wa pili.

Dar es Salaam tuko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Saa za mchana jua haliendi mbali na utosi: Desemba linaegea kusini kwa digrii kama 17, Juni linaegea kaskazini kwa digrii kama 30. Paa letu limetokeza sentimita 90, na kwa jua la aina hiyo linatosha. Linaloshinda paa ni jua la chini chini, la asubuhi na la jioni. La asubuhi unalivumilia kwa sababu usiku umeshapoza kuta. La jioni linaingia kwenye nyumba ambayo imeota joto mchana kutwa.

Kwa hiyo hesabu yangu mpya ya yale matundu: 9 yako kaskazini na kusini, 4 mashariki, 5 magharibi, na moja liko juu ya ngazi, kwenye paa lenyewe. Yale 9 hayana haja ya tinti. Kuyawekea tinti ni kujinunulia giza, halafu ulipie na umeme wa taa za mchana. Fundi nimempigia nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini rangi hazitafanana, dada." Ni kweli, hazitafanana.

Jumapili, 26 Januari

Leo tumefanya jaribio la kitoto, na watoto ndio waliolifurahia zaidi.

Maboksi matatu ya katoni yenye ukubwa sawa, kila moja na mshumaa mwembamba wa keki uliosimikwa kwenye donge la udongo. La kwanza tumelifunika kwa kioo cheupe cha mm 6, la pili kwa tinti ya bronzi ya mm 6, vyote mabaki ya karakana ya fundi. La tatu kioo cheupe kilekile, ila mbele yake, kiasi cha shubiri moja, tumening'iniza kipande cha mkeka wa zamani wa mama. Yote yakaelekezwa magharibi saa nane na nusu.

Mshumaa wa kioo cheupe ulianza kuinama mwanzo, taratibu, kama mtu anayesinzia msikitini. Wa tinti ulijikaza, tukaanza kuamini maneno ya fundi, kisha nao ukainama, na saa kumi ilipofika yote miwili ilikuwa imelala kifudifudi. Wa mkeka ulikuwa umesimama.

Halafu mwanangu akagusa kile kioo cha tinti na kuutoa mkono haraka. Kilikuwa kama kikaango. Hapo ndipo penye siri yake. Kioo cheupe cha mm 6 hupitisha kama asilimia 80 ya joto la jua. Bronzi ya unene huohuo hupitisha kama 60. Hiyo tofauti ipo, siibishi. Lakini tinti haiutupi nje mzigo uliobaki, inaumeza, inapata moto yenyewe, na sehemu ya moto huo inaurudisha chumbani. Mkeka unalizuia jua kabla halijagusa kioo, na joto lake linachukuliwa na upepo huko huko nje.

Mama alikuwa amekaa barazani akitutazama muda wote. "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo," akasema, "ukarudi kwenye mkeka wangu."

Jumanne, 4 Februari

Nimevuka na pantoni kwenda Kariakoo. Nimetembea maduka saba ya vioo. Mfukoni nilikuwa na kalipa, kifaa cha kupimia unene, niliyoazima kwa injinia wetu, na hiyo imenifundisha kuliko wauzaji wote.

Duka la tatu waliniuzia maneno ya mm 5. Nikapima: 4.4. Nikahamia pembe nyingine ya kioo hicho hicho: 4.4. Viwango vya Ulaya vya kioo cha kawaida vinaruhusu kupungua au kuzidi mm 0.2 kwa unene huu, si zaidi. Kijana wa dukani hakubisha, alisema tu, "Mm 5 ya biashara hiyo, mama." Msamiati mpya kwangu. Tangu hapo nilipima kwanza kabla ya kuuliza bei.

Vioo hivi vyote vya bapa, wakituonyesha vya China au vya hapa nchini (kiwanda cha Mkuranga kilizinduliwa 2023), vinatoka kwenye njia moja: kioo kilichoyeyuka kinamwagwa juu ya dimbwi la bati lililoyeyuka, kinaelea, kinajinyoosha chenyewe. Waingereza wa Pilkington waliitangaza njia hiyo mwaka 1959. Ndiyo maana kioo cha leo hakina mawimbi kama vile vya nyumba za zamani za mjini. Tofauti inaanzia baada ya hapo, kwenye kinachofanyiwa kile kioo.

Uzito nimeuandika kwa sababu unaamua mengi: kila mita ya mraba, kila mm 1 ya unene, ni kilo 2.5. Mm 5 ni kilo 12.5 kwa mita ya mraba, mm 6 ni 15, mm 8 ni 20. Bawa moja la mlango wangu wa balconi ni mita 1.2 kwa 2.1. Likiwa la mm 8 ni kilo 50 za kioo peke yake, juu ya rola mbili, vile vigurudumu vya chini, ambazo fundi alitaka kuninunulia zile zile za madirisha.

Kuhusu tempa na lamineti, vile vioo vinavyoitwa vya usalama, mwenye gari anazijua tayari ila hajui kama anazijua. Kioo cha mbele cha gari ni lamineti: karatasi mbili za kioo zimeshikana na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa na jiwe kinapasuka kama utando wa buibui na kinabaki palepale. Vya milangoni kwa kawaida ni tempa: kimepashwa moto zaidi ya digrii 600 kisha kikapulizwa hewa baridi ghafla, ngozi ya nje ikakaza na moyo ukavutika. Kina nguvu mara nne au tano ya kioo cha kawaida, na kikishindwa kinakuwa chembechembe badala ya majambia.

Muuzaji mmoja alinigongea kioo kwa funguo, "Sikia mama, tempa hii." Mlio hauthibitishi chochote. Nilitafuta muhuri kwenye pembe, haupo. Nikavaa miwani yangu ya jua, ile ya polaroidi ya kuendeshea, nikawasha simu iwe nyeupe na kuishika nyuma ya kioo, nikakizungusha. Tempa ya kweli huonyesha madoa na mistari ya rangi, kama yale madoa ya kioo cha nyuma cha gari. Pale hapakuwa na doa hata moja. Nikamshukuru nikatoka.

Mwingine alinishikilia nusu saa nzima juu ya vioo viwili vyenye hewa katikati. Ni kitu kizuri mahali pake. Ningekuwa najenga Makete kwenye baridi, au ningeishi madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana, ningemsikiliza. Sisi tunalala madirisha wazi. Hewa ya ndani na ya nje ni ile ile, sasa hiyo hewa ya katikati inatenganisha nini na nini?

Jumamosi, 15 Februari

Shemeji ameshupalia riflektivu, ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Anasema kaiona Masaki. Kweli inarudisha jua kuliko tinti, na mchana wa nje hakuoni. Fundi akatufungia kipande kimoja cha majaribio kwenye dirisha la jiko la banda la uani, tunakoishi kwa sasa.

Mchana kilipendeza, shemeji akatamba. Usiku mama akawasha taa, akasonga ugali wake, kanga kifuani, jasho linamtoka, akijua hakuna amwonaye. Jirani akapita njiani na kusema kwa sauti, "Mama, ugali huo ni wa wangapi?"

Kioo cha aina hiyo hakijui ndani wala nje. Kinachojua ni upande upi una mwanga mwingi. Aliye gizani ndiye anayemwona mwenzake. Saa moja jioni mambo yanageuka. Ukitaka riflektivu, nunua na pazia, na ukishanunua pazia tuzungumze upya kwa nini ulinunua riflektivu.

Uamuzi wa magharibi umefanyika leo, mezani, mama akiwa mwenyekiti. Madirisha mawili ya vyumba vya juu: kioo cheupe mm 6, na mbele yake ukuta mwembamba wa matofali ya maua, umesimama sentimita 60 kutoka dirishani ili upepo upite. Mawili ya chini: bamba la mbao zinazolala mshazari, la kufunguka. La tano, dogo, la stoo: tumeliziba kwa tofali. Kwa hiyo matundu sasa ni 18. Gharama ya matofali ya maua kwa madirisha mawili imekuja chini ya tofauti ya bei kati ya kioo cheupe na riflektivu kwa upande mzima, na hiyo ndiyo hoja iliyomnyamazisha shemeji, si fizikia.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani, mafundi wamefunga, kazi inaanza alfajiri na saa nane kila mtu kaondoka. Siku hizi saa sita unusu jua liko utosini kabisa, nguzo haina kivuli.

Tinti ya bronzi iliyokuwa kwenye dirisha la magharibi la banda, tuliyoiweka mwaka jana bila kufikiri, imepasuka yenyewe. Hakuna mpira, hakuna jiwe, hakuna mtoto wa kuchapwa. Watoto walikuwa shule.

Nilikaa nao ule ufa kwa muda mrefu. Umeanzia pembeni, chini ya ile raba, na umeondoka kwenye ukingo kwa pembe mraba kamili, kama uliochorwa na rula, urefu wa vidole viwili hivi. Halafu ndipo umeanza kutangatanga kuelekea juu. Kioo kilichopigwa kina jicho, mahali kilipopigwa, na nyufa zinatawanyika kutoka hapo. Huu haukuwa na jicho. Injinia alipoiona picha alijibu kwa neno moja: joto.

Mlimau umekua mbele ya dirisha lile. Jioni nusu ya kioo iko juani na nusu kivulini, na ukingo wote umefichwa ndani ya alumini. Katikati kinameza jua na kutanuka, ukingo uliofichwa bado wa baridi, hautaki kutanuka, unavutwa. Kingo za kioo ndizo dhaifu kuliko sehemu zote. Tulipoitoa raba tulikuta kimenyeko kama ukucha wa kidole kidogo pale pale ufa ulipoanzia, kimebaki tangu siku kioo kilipokatwa na kuvunjwa kwa koleo badala ya kupigwa msasa.

Fundi alitazama, akakuna kichwa. Hakusema kitu kuhusu tinti. Ila kesho yake nilimkuta akiwafundisha vijana wake kupiga msasa kingo za kila kioo kabla ya kukipandisha, na sikumwagiza.

Jumamosi, 22 Machi

Leo ni orodha ya hatari. Nimepita na tepu, nikijifanya mtoto wa miaka minne anayekimbia, halafu nikijifanya mama usiku umeme umekatika.

Injinia wetu hutumia kanuni za Uingereza kwa jambo hili, na nimezikubali kwa kuwa zinaeleweka: kioo chochote cha mlangoni kilicho chini ya mm 1,500 kutoka sakafuni kiwe cha usalama, vilivyo pembeni ya mlango ndani ya mm 300, kwa kimo hicho hicho, navyo pia, kwa sababu mtu hukosea akadhani ni njia, na dirishani, chochote kilicho chini ya mm 800. Kwetu vimeangukia humo mlango wa balconi, vioo viwili virefu vya pembeni mwa mlango mkubwa, na dirisha refu la ngazi linaloanzia sakafuni. Nikaongeza lile la paani. Vingine vyote vibaki vya kawaida. Pesa haina haja ya kutapakaa.

Tempa au lamineti? Kwa mlango wa balconi na pembeni mwa mlango mkubwa: tempa, kwa sababu hapo ajali ni mtu kugonga. Kwa dirisha la ngazi: lamineti. Kikipasuka bado kinakuzuia usidondoke nje kutoka kwenye kituo cha ngazi. Kwa paani: lamineti tu, na hapo sikutaka mjadala. Tempa mara chache hulipuka yenyewe, ikiwa ndani yake kulibaki punje ya nikeli salfaidi inayotanuka polepole kwa miezi au miaka. Mlangoni utafagia. Kichwani kwa mtoto anayeshuka ngazi, hapana.

Balconi yenyewe shemeji aliitakia kioo kitupu chenye pini za chuma. Upepo wa chumvi wa hapa unakula chuma kisichoshika kutu cha kawaida; cha kuhimili bahari ni kile cha daraja la 316, na bei yake ilipokuja tulikubaliana bila kura: ukuta wa matofali ya maua, kimo mm 1,100.

Jioni kidogo kabla ya futari nilishuhudia lamineti ikikatwa, na nimefurahi kama mtoto. Ilikuwa ya mm 8.38, yaani 4 na 4 na utando wa 0.38. Mzee wa karakana alichovya almasi yake kwenye mafuta ya taa, akachora mstari upande wa juu kwa mkono mmoja bila kusita. Ule mlio, kama hariri inachanika. Akakipindua, akachora upande wa chini palepale. Akakigonga kidogo, kikalia *tk* pande zote mbili, lakini kikakataa kuachana. Utando bado umeshika. Akamwaga spiriti kwenye ufa, uzi mwembamba tu, akawasha kiberiti. Mwali wa buluu ukakimbia urefu wote wa mita moja. Plastiki ikalainika, akakivuta kioo kidogo, akapitisha wembe katikati, kikaachana. Yote haikufika dakika mbili.

"Tempa unaikataje, mzee?" nikauliza.

"Tempa haikatwi, mwanangu. Tempa unaiagiza ukiwa umeshaoa."

Nilicheka: yaani vipimo viwe vimeshaamuliwa, hakuna kubadili. Sikujua ananiambia mimi.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu ya Karume. Kazi haikulala kwa sababu tempa zilifika jana. Naandika hili kwa aibu.

Vile vioo viwili vya pembeni mwa mlango mkubwa nilivipimia mimi mwenyewe, Februari, tundu likiwa tofali tupu. Nilitoa nafasi ya plasta. Nilisahau kwamba chini kutakuwa na vigae na zege la kusawazishia, na kwamba fundi plasta alikuta ukuta umepinda akaujaza upande mmoja zaidi. Kioo cha kwanza kimeingia kwa kubembelezwa. Cha pili kimezidi mm 14 kwa urefu.

Tulisimama tukikitazama. Fundi alumini akasema tutaparua chini ya fremu. Haikuwezekana, kuna bimu. Kijana wake, hodari, mwenye haraka, akasema, "Tukiparaze na grainda kidogo tu, dada, pembeni pembeni." Nilipaswa kusema hapana. Maneno ya yule mzee yalikuwa kichwani mwangu kabisa. Nikasema, "Jaribu kidogo."

Grainda iligusa ukingo kwa muda wa pumzi moja. Hapakuwa na ufa. Kioo kilikuwepo, kisha hakikuwepo. Mlio kama gunia la mchele limepasuka juu ya bati, na kijana amesimama ameshika hewa. Chembe zilikuwa kama chumvi ya mawe, zimejaa kwenye mikunjo ya suruali, kwenye viatu, kwenye ndoo ya rangi. Alikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo juu ya kifundo cha mkono. Kingekuwa kioo cha kawaida cha ukubwa ule, kilo 14 za majambia, nisingekuwa naandika kwa utani.

Alikuwa amevaa miwani ya kinga. Hilo namshukuru Mungu, na namshukuru fundi wake.

Nimeagiza kingine, hasara yangu. Kimepimwa juu, katikati na chini, kushoto, katikati na kulia, kwenye tundu lililokwisha vigae, tukachukua kipimo kidogo kuliko vyote na kutoa mm 5 kila upande. Fundi kapima, mimi nimepima, injinia kapima. Mama naye aliletewa tepu, kwa heshima.

Jumapili, 27 Aprili

Masika. Mambo mawili, kwa haraka, maana umeme unakatika-katika.

Vioo vyeupe sita vilivyosubiri kupandishwa vilikuwa vimeegemezwa uani, vimegusana, turubai juu. Maji yaliingia katikati na kukaa siku tisa. Tumevitenganisha leo: vina ukungu mweupe wenye rangi za upinde kama mafuta kwenye dimbwi. Nimesugua kwa sabuni, kwa siki, kwa majivu. Viwili vimerudi, vinne havirudi. Maji yaliyofungiwa huchota magadi ya kioo chenyewe, na magadi hayo yanakichoma uso. Vilipaswa kusimama ndani, karatasi kati ya kimoja na kingine. Vinne hivyo vitakatwa viwe vya vyooni, huko ukungu si kasoro. (Hapana, vyooni tumeweka luva, vile vipande vyembamba vya kioo vinavyolala na kusimama. Vitakuwa vya banda la kuku.)

La pili: niliingia kwenye ngazi nikasikia harufu ya siki. Kijana alikuwa anaziba dirisha la lamineti kwa silikoni ile ya bei rahisi. Asidi yake inaingia ukingoni na kuutafuna utando, baada ya muda pembe zinaanza kuwa na mapovu meupe. Tumeitoa yote kwa wembe na kuweka ya nyutro, isiyo na harufu ile. Kuanzia sasa nanusa kila tyubu kabla ya kufunguliwa saiti kwangu, wacha waniite mama wa pua.

Jumamosi, 17 Mei

Vioo 18 vimekaa. Leo saa kumi na moja nilipanda chumbani kwangu. Maua ya tofali yamechora sakafu nzima kwa vipande vidogo vya mwanga, na nilipoweka kiganja kwenye kioo kilikuwa vuguvugu tu. Upepo wa kusi umeanza na unapita. Luva za vyooni zinafunguka zote, siyo nusu kama dirisha la kusukuma, na hakuna hata choo kimoja chenye unyevu.

Dirisha la paani lilivuja siku ya kwanza, kwenye bati, kioo hakikuhusika. Limezibwa.

Chini, mama hajaridhika. Bamba la mbao la dirisha lake la magharibi analiona zito kulifungua, na amekwisha gongomea misumari miwili juu ya linta, mkeka umeshaning'inia.

Bado: luva mbili za choo cha chini, raba ya dirisha namba 7, na bawa la mlango wa balconi linalogoma likifika katikati, nadhani ni rola. Fundi amesema atakuja Jumatatu. Hakusema ya lini.